Kurusha droni ya kazi karibu na shule na bustani za umma: hatua kwa hatua

Mteja anataka video ya jengo lake jipya, na jengo limepakana na uwanja wa shule. Au manispaa inataka picha za bustani iliyokarabatiwa. Kazi kama hizi huonekana nyepesi: eneo liko wazi, hakuna minara, nyaya ni chache. Lakini ndizo zinazowatia marubani matatani, tena marubani wenye makaratasi. Tatizo ni kwamba wanakuja na kibali kimoja wakati kazi inadai vitatu.

Cha kwanza ni kibali cha anga, cha pili cha ardhi, cha tatu ni ridhaa ya picha. Kila kimoja kina mwenyewe. Mamlaka ya usafiri wa anga haina uwezo wa kukuruhusu usimame kwenye nyasi za shule. Mwalimu mkuu hana uwezo wa kukuruhusu upite juu ya vichwa vya watu. Na wote wawili hawawezi kumsemea mzazi ambaye sura ya mtoto wake itatokea kwenye tangazo la mteja wako.

Hatua ya 1: Jua kama kazi yako ni ya kibiashara

Wengi hudhani biashara huanza pesa inapotoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Sheria haioni hivyo. Marekani, idara ya anga ya FAA inatoa mfano unaotuhusu moja kwa moja: kupiga picha za mechi ya shule kwa ajili ya tovuti ya shule hakuhesabiwi kuwa burudani. Inaongeza kwamba hata kazi ya kujitolea inaweza kuingia humo humo. Anayefanya hivyo lazima awe na cheti cha rubani chini ya kanuni za Part 107, zilizoanza kutumika Agosti 2016.

Umoja wa Ulaya ulishika njia nyingine. Tangu 31 Desemba 2020 kanuni zake haziulizi kama unalipwa; zinauliza droni ina uzito gani na itakuwa karibu kiasi gani na watu. Afrika Kusini, kwa upande wake, tangu Julai 2015 inataka leseni ya rubani pamoja na cheti cha mwendeshaji kwa shughuli za kibiashara.

Kwa hiyo rafiki yako mwalimu akikuambia "njoo uturushie dakika tano tu siku ya michezo", ichukulie kuwa ni kazi. Kama nchi yako inaihesabu kuwa burudani, hujapoteza kitu.

Hatua ya 2: Tafuta kibali cha anga

Ofisi ya kuanzia ni mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi unayorushia: Tanzania ni TCAA, Kenya ni KCAA, Uganda ni UCAA. Kagua mambo manne kabla hujajaza fomu yoyote: usajili wa droni, leseni yako, bima ya madhara kwa watu wengine, na ukanda wa anga ulio juu ya eneo lenyewe. Hilo la nne ndilo husahaulika. Shule inaweza kuwa kilomita chache kutoka kiwanja cha ndege, au bustani ikawa upande wa pili wa barabara na hospitali yenye pa kutua helikopta.

Kimo cha juu katika nchi nyingi ni mita 120, yaani futi 400. Kwa kazi ya jirani na shule namba hiyo haina maana kubwa. Kinachokubana ni umbali kutoka kwa watu, na hapa nchi zinatofautiana. Uingereza, droni ya gramu 250 na kuendelea kwa kawaida hukaa angalau mita 50 kutoka kwa watu wasiohusika, na duara hilo linapanda nawe hadi juu. Kupaa zaidi hakukutoi ndani yake. Ulaya bara, ambako kazi zimegawanywa kwa makundi, kundi dogo la A2, la kuruka karibu na watu, linadai mita 30, zinazoweza kupunguzwa hadi 5 kama droni imewekwa kwenye mwendo wa polepole na rubani ameyapima mazingira. Kundi la A3, la kuruka mbali na watu, linakutaka ukae mita 150 kutoka maeneo ya makazi, biashara, viwanda na mapumziko. Bustani ya umma ni eneo la mapumziko, kwa hiyo ukiwa katika kundi hilo kazi ya bustani imekwisha kabla haijaanza.

"Mtu asiyehusika" naye ana maana yake. Ni yule ambaye hashiriki kwenye zoezi lenu, au hajapewa maelekezo na tahadhari zilizo wazi. Mtoto aliyeona droni na kuipungia mkono bado ni mtu asiyehusika. Mwalimu aliyesoma barua yako wiki iliyopita lakini leo hajui unaanza saa ngapi, vivyo hivyo.

Kuna jambo jingine linalowapiga watu chenga: mkusanyiko. Kanuni za Ulaya hazitoi idadi ya watu. Zinaangalia msongamano, yaani kama mtu anaweza kusogea akakwepa droni inayoanguka. Wanafunzi 60 waliojipanga mstari asubuhi ni mkusanyiko. Watu 60 waliotawanyika kwenye bustani kubwa huenda wasiwe. Juu ya mkusanyiko hupiti, hata na droni ndogo.

Usiitegemee programu ya kwenye simu ikuambie pa kuruka. Januari 2025 kampuni ya DJI iliondoa vizuizi vya kielektroniki kwenye droni zake nchini Marekani, ikabakiza maonyo tu. Ulaya ilishafanya hivyo mwaka uliotangulia. Droni ikikubali kupaa, maana yake ni kwamba injini zinafanya kazi. Haina habari na kibali chako.

Hatua ya 3: Tafuta kibali cha ardhi

Mwenye ardhi ndiye anayeamua kama utasimama, utapaa na kutua kwake. Kwa shule ya serikali inaweza kuwa halmashauri, kwa shule binafsi ni bodi au mmiliki, na kwa bustani ni manispaa au taasisi inayoiendesha. Mlinzi wa getini siye, hata akikukaribisha kwa moyo mweupe.

Mpaka kati ya anga na ardhi umeshafika mahakamani. Mji wa Newton katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ulitunga sheria ndogo za kudhibiti droni juu ya mji wote, na mwaka 2017 mahakama ya shirikisho ikafuta vifungu kadhaa kwa kuwa vilikuwa vinaingilia mamlaka ya FAA. Marubani wengine waliposikia hukumu hiyo walidhani miji haina neno tena. Wakakosea. Mwenye bustani bado anaweza kukataza kupaa na kutua ndani ya mipaka yake. Hifadhi za taifa za Marekani zilifanya hivyo hivyo Juni 2014, na anayekiuka anaweza kufungwa hadi miezi 6 na kutozwa faini ya hadi dola 5,000.

Pale ambapo shule ni jirani tu, na hutatia mguu ndani, huenda sheria isikudai ruhusa yake. Iandikie hata hivyo. Barua ya kurasa tatu haisomwi, kwa hiyo iwe fupi:

"YAH: TAARIFA YA KURUSHA DRONI JIRANI NA SHULE. Mwalimu Mkuu, tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Jumamosi tarehe ___, kati ya saa 1:00 na saa 2:30 asubuhi, tutapiga video ya jengo lililo upande wa mashariki wa shule. Droni ina uzito wa gramu 900, haitavuka uzio wa shule, wala haitapanda zaidi ya mita 35. Kamera itaelekea jengo. Madarasa, mabweni na uwanja havitapigwa. Rubani ni ___, leseni namba ___, na nakala za kibali na bima zimeambatishwa. Ikiwa siku hiyo kuna mitihani, michezo, au wanafunzi watakuwepo kwa sababu nyingine yoyote, tunaomba utujulishe ili tubadilishe saa. Simu ya atakayekuwa eneo la kazi ni ___."

Ile sentensi ya mitihani ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote. Mwalimu mkuu anayo ratiba ambayo hutaipata kwingine, na ukimuuliza anajiona mshirika badala ya mlalamikaji. Kuhusu mitihani yenyewe, usirushe kabisa. Mbali na kelele, droni yenye kamera karibu na chumba cha mtihani inazua tuhuma ambazo barua haitazimaliza.

Hatua ya 4: Panga ridhaa ya picha kabla ya kuwasha kamera

Hapa ndipo marubani wazuri huanguka, kwa kuwa wamezoea kuogopa mamlaka ya anga peke yake. Picha ya mtoto anayetambulika ni taarifa binafsi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ina ya 2022, na Ulaya kanuni zake zinatumika tangu 2018. Septemba 2023 kamishna wa ulinzi wa data wa Kenya aliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 za Kenya kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Hapakuwa na haja ya droni kuhusika. Picha ni picha, iwe imepigwa ukiwa chini au ukiwa hewani.

Dawa rahisi ni kutowapiga kabisa. Geuza mpangilio wa video ili uwanja wa shule ubaki nyuma ya kamera. Panda au shuka mahali ambapo jengo lenyewe linaziba madirisha ya madarasa. Kama shule ndiyo mteja na inataka watoto waonekane, fomu za wazazi zikusanywe na shule kabla ya siku hiyo, na watoto ambao wazazi wamekataa wawe mahali pengine kabisa, si pembeni ya fremu wakisubiri bahati.

Kwenye bustani mambo ni tofauti kidogo. Huwezi kumfuata kila anayetembeza mbwa na fomu. Weka bango kila mlango, lionyeshe nani anapiga, kwa ajili gani, na namba ya kupigia kama mtu hataki kuonekana. Piga ukiwa juu ukielekeza lenzi mbali na sehemu za kuchezea watoto, na usitumie kuvuta picha karibu. Mtu akikuomba umfute, mfute. Sheria inaweza kuwa upande wako, lakini ugomvi kwenye benchi la bustani hauna mshindi.

Hatua ya 5: Chagua saa

Ukinipa nafasi ya kuboresha jambo moja tu katika mpango wa rubani, nitagusa saa. Watu wakiwa hawapo, nusu ya kanuni hapo juu zinajitekeleza.

Shule ina mapigo yake: kuingia, mapumziko, chakula cha mchana, kutoka, kisha michezo ya jioni. Kengele ya kutoka ikishalia, usihesabu kwamba nusu saa inatosha. Kuna wanaosubiri wazazi, wanaofanya mazoezi ya kwaya, na wanaorudi kuchukua daftari. Likizo na asubuhi za mwisho wa wiki ni bora, ilimradi umeuliza kama uwanja haukukodishwa. Bustani nazo huwa tupu mapambazuko, upepo umetulia, na jua la pembeni linaipendelea kamera. Angalia tu kwamba saa hiyo imo ndani ya muda ulioandikwa kwenye kibali.

Hatua ya 6: Acha uzio uamue kimo chako

Droni ikizimika ghafla ikiwa mita 20 juu, inafika chini kwa takriban sekunde 2. Kama ilikuwa inakwenda mita 10 kwa sekunde, mwendo wa kawaida tu, inaangukia karibu mita 20 mbele ya pale ilipozimikia. Kimo na umbali vinalingana. Ndiyo maana mwongozo wa Ulaya kwa kundi la A2 unasema usiwe karibu na mtu kuliko kimo chako: mita 40 juu, basi mita 40 pembeni.

Chukua ramani, chora uzio wa shule, kisha pima kutoka uzio hadi mstari utakaorukia. Tuseme umepata mita 35. Hiyo ndiyo dari yako leo, hata kama kibali kimeandikwa 120. Ukitaka kupanda zaidi, sogea mbali zaidi. Na upepo ukivuma kuelekea shule, punguza tena, kwa sababu hesabu hiyo haikuuweka. Nimeona mipango mizuri yenye ramani za rangi ambayo haikupima kitu hiki kimoja.

Usidhani kimo kidogo ni usalama. Novemba 2017, kwenye bustani moja ya mji wa Ogaki, Japani, droni iliyokuwa ikiwarushia watoto peremende katika tamasha ilianguka kutoka kama mita 10, na watu 6 wakajeruhiwa kidogo. Watoto walikuwa wamekusanyika chini yake kwa sababu ndiko peremende zilikokuwa zinadondokea. Mteja akikuletea wazo la kudondosha maua, karatasi za rangi au zawadi juu ya wanafunzi, kataa siku hiyo hiyo.

Miti ni adui mwingine wa bustani. Mwaka 2015, droni zilipokuwa zinaanza kuzagaa, huko Uingereza moja iligusa tawi, ikazunguka, na propela ikamtoa mtoto mdogo jicho. Weka kimo cha kurudi nyumbani, yaani kile ambacho droni hupandia kwanza inapojirudisha yenyewe mahali ilipopaa, kiwe juu ya mti mrefu kuliko yote, au juu ya nguzo ya taa za uwanja kama ni ndefu zaidi. Kisha hakikisha kimo hicho hakivunji dari uliyoipata kwa kupima uzio. Vikigongana, hamisha mahali pa kupaa.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Fika mapema utembee eneo kwa miguu. Angalia vishada, maana uzi wake hauonekani kwenye skrini. Angalia ndege wanaotaga, kunguru hasa, ambao hawavumilii mgeni. Usipaze droni ukiwa umeiweka karibu na paa la mabati, goli la chuma au zege lenye nondo; dira yake inavurugika, na kosa hilo hulijui mpaka ikishakuwa hewani na kuanza kwenda upande.

Mahali pa kupaa pazungushiwe koni au utepe. Mwangalizi wako asimame akiwa ameipa droni mgongo, anaangalia watu. Wengi humfanya mwangalizi awe mtazamaji wa pili wa skrini, na hapo hana faida. Kazi yake ni kuzuia mtu asikufikie, kusikiliza, na kusema "tua" bila kuomba ruhusa. Mzazi akija, yeye ndiye anayezungumza:

"Samahani mama, shikamoo. Hapa tunarusha droni ya kupiga lile jengo, tutamaliza baada ya dakika kumi. Watoto wa shule hatuwapigi. Kibali hiki hapa. Naomba usubiri upande huu wa koni, au kama una haraka tutaishusha upite."

Kauli ya mwisho iwe ya kweli. Rubani aliye hewani hajibu maswali, hata ya polisi, mpaka droni ikanyage chini. Mwangalizi amweleze askari hivyo kwa adabu na droni ianze kushuka papo hapo.

Watoto huikimbilia droni inapotua. Hilo si bahati mbaya, ni kawaida yao, kwa hiyo lipangie. Mpira ukiruka uzio, mtoto akiufuata, shusha ukiwa mbali naye au ning'inia mahali tupu hadi aondoke. Usitue mbele ya kundi, na usimruhusu mtu kuishika propela zikiwa bado zinazunguka.

Sikiliza helikopta. Viwanja vya shule na bustani ni mahali ambapo helikopta za wagonjwa hushukia mijini, kwani hakuna pengine penye nafasi. Ukisikia inakuja, tua mara moja pale palipo tupu, usisubiri kuona inaelekea wapi. Usiirudishe kwa kitufe cha kurudi nyumbani, kwa sababu kitufe hicho huanza kwa kuipandisha.

Hatua ya 8: Ukishatua

Andika kumbukumbu ya mruko kabla hujafunga begi: saa ya kupaa na kutua, kimo cha juu, betri iliyotumika, hali ya upepo, na tukio lolote, hata lile dogo la mtu kuingia ndani ya koni. Ikiwa kuna aliyeumia au mali iliyoharibika, mamlaka ya anga ipate taarifa ndani ya muda ulioandikwa kwenye masharti yako, na shule au manispaa iambiwe siku hiyo hiyo na wewe mwenyewe.

Video ghafi ipitiwe kabla ya kwenda kwa mteja. Vipande vyenye sura za watoto ambao ridhaa yao huna vifutwe, au vifichwe sura kwa ukungu usioweza kuondolewa. Usimpe mteja kadi nzima "achague mwenyewe". Ukishaikabidhi, huwezi tena kumwambia mzazi picha za mwanawe ziko wapi. Weka kwenye mkataba siku ambayo nakala zako zitafutwa, na siku hiyo ikifika zifute, pamoja na zile zilizojipakia zenyewe kwenye simu yako ya kurushia.